Yaya, Nichague Logiciel Gani?

Bagira, tarehe 12 mwezi wa tano 2025

Yaya Venant, kaka yangu,

Natumaini karatasi hii itakukuta muzima. Simu yako haipatikane tangu antenne ya Minova iharibike, njo maana nimemupa Maman Monique, muuzaji wa Nyawera, barua. Anapanda boti siku ya tano ya juma, anakuja huko kununua maharagi, na amesema kukuona si kazi. Sikujua kama munajuana hivyo.

Machine ya kompyuta yenye ulinitumia kwa Pasaka inatembea vizuri. Jina lako lingali kwenye écran, kioo chake, sijalitoa. Kama shule ilikupa ingine kweli, basi nashukuru, juu bila hii ningekuwa bado napanga foleni kwa machine za fakulte.

Shida ni Word. Nikiifungua, kuko bande nyekundu pale juu inasema muda umeisha. Kusoma naweza, kuandika siwezi. Na mémoire yangu ya kumaliza fakulte inapaswa kuingia katikati ya mwezi wa munane. Unakumbuka sujet: mashamba madogo ya Bagira, wamama wenye wanalima nyuma ya nyumba, wanachopata na kile kinaingia kwa sahani. Tableaux za hesabu ni mingi.

Kila mutu iko na shauri lake juu ya logiciel, programu ya kuandikia. Rafiki yangu Ornella anasema niende cyber moja ya Nyawera, kule mujini, kuko kijana anavunja Word inafunguka bila kulipa. Directeur wangu wa mémoire anasema tufanye abonnement, tulipie Word kila mwezi kama watu wa heshima. Kwa kadi gani, na benki zimefunga tangu vita? Wengine wa classe wanaandikia kwa simu mpaka vidole vinauma. Halafu kuko ile ya bure yenye ulikuwa unapenda kusifu pale nyumbani. Jina limenitoka.

Nimechoka, yaya. Si machine peke yake. Mugongo wa maman unamusumbua, mayi ninachota mimi. Bus za kwenda mujini zimepungua, natembea. Courant ya umeme inakuja saa inayotaka yenyewe. Halafu nikifika kwa machine, nakuta ile bande.

Wewe unashinda na machine siku muzima. Niambie moja tu, nitaifuata.

Mudogo wako,
Eulalie

*

Minova, tarehe 19 mwezi wa tano 2025

Eulalie, mudogo wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Si kwa sababu ni ngumu. Ni swali zuri, na nilitaka kulijibu vizuri.

Usiende kwa kijana wa Nyawera. Mutu anayekufungulia mulango usio wake hajui ni nani mwingine anaingia nyuma yake. Abonnement si mbaya, directeur wako hasemi uongo, lakini ni ya mutu mwenye kadi na mwenye connexion ya internet kila siku. Simu ni ya kusahihisha sentensi moja ukiwa kwenye foleni. Mémoire yenye tableaux haiandikwi kwa kidole gumba.

Ile ya bure inaitwa LibreOffice. Haikuulizi kadi, haikuulizi mega, na haitakuwekea bande nyekundu. Watakuambia kwamba maofisi yanataka Word. Ni kweli, kwenye matangazo ya kazi wanaandika hivyo. Lakini aliyejifunza kupanga maandishi yake sawasawa kwenye moja, hatashindwa na nyingine. Anayeshindwa ni yule aliyejifunza kubonyeza tu.

Nakutumia clé USB, ile flash ndogo. Jacques, mwalimu mwenzangu, alipitia Goma akaniwekea version mpya. Ukitaka kupanga kurasa, nenda kwenye menu ya Format, kisha Page. Kazi ya kumupa directeur, i-enregistrer, yaani uihifadhi, kama docx, ataifungua kwa Word yake bila shida.

Hapa shuleni tuko, tunasukuma siku. Musalimie maman, umwambie aache kuinama.

Yaya wako,
Venant

*

Bagira, tarehe 9 mwezi wa sita 2025

Yaya,

Iliingia bila kunitesa. Sasa naandika. Chapitre ya kwanza nilikuwa nayo kwa daftari, nimeisaisir yote kwa machine, na ya pili imeisha juzi.

Narudisha clé kwa Maman Monique. Nimeweka humo chapitre zote mbili. Fungua, usome, uniambie ukweli. Naogopa ile sehemu ya udongo kwa chapitre ya pili iko mbovu, na directeur hana muda wa kusoma, anasoma titre, kichwa tu, na anapiga muhuri.

Maman wetu anasema umekonda. Nimemuuliza amekuona wapi. Anasema anajua tu.

Eulalie

*

Minova, tarehe 16 mwezi wa sita 2025

Mudogo wangu,

Clé imefika. Kazi yako ni nzuri, endelea hivyo hivyo, usirudi nyuma. Nisamehe kwa ufupi, Maman Monique ananingojea, na boti inajaa.

Venant

*

Bagira, tarehe 3 mwezi wa saba 2025

Yaya,

Sikutaka kukuandikia na hasira, nilingoja ipungue. Haikupungua.

Nilipeleka kazi kwa clé ya kuazima, kuimprimer kwa karatasi pale Nyawera, kwa docx kama ulivyosema. Kwa Word yao tableaux zote zilihama. Ile ya mavuno iligawanyika, kichwa kwa ukurasa mumoja na miguu kwa mungine. Numero za kurasa zilianza upya katikati. Sikuwa na nguvu ya kurudi Bagira kwa miguu kuisahihisha, nikaipeleka hivyo. Directeur aliishika kwa vidole viwili. Akasema, «Mademoiselle, hii ni kazi ya mutu anakimbia.» Mbele ya wengine. Ornella aliangalia dirisha.

Nikarudi nyumbani kutafuta ile menu yako. Format, kisha Page. Haiko. Nimetafuta mpaka macho yanatoka mayi. Hakuna Page pale. Je, hiyo logiciel yenye ulinitumia, wewe mwenyewe umeifungua ata siku moja?

Na nilikuomba usome. Umejibu «kazi ni nzuri». Nzuri kwa ukurasa gani? Udongo je? Nilikuuliza kitu kimoja cha kweli, ukanijibu kama directeur. Uko na salle, chumba muzima cha machine, yaya. Ulishindwa kukaa mbele ya moja, ata dakika kidogo, kwa ajili yangu?

Kesho naenda kwa kijana wa Nyawera. Usinijibu juu ya hiyo. Nimeamua.

Eulalie

*

Minova, tarehe 7 mwezi wa saba 2025

Eulalie,

Umesema kweli, sikuisoma kazi yako jinsi ulivyoniomba. Sina cha kujitetea.

Lakini nakusihi, kama bado hujaenda, usiende. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Kile cha kwanza juu ni upau wa menu. Kama Page haiko chini ya Format, basi wamebadilisha jina, angalia neno lililo karibu nayo, litakuwa na «style» ndani yake. Cha pili: usisukume titre kwa kupiga nafasi na kurudi mustari. Chagua Titre 1, Titre 2, uache machine ipange yenyewe. Cha tatu, hili nilipaswa kukuambia tangu mwanzo: docx ni ya kusahihishiwa. Ya kuimprimer, itoe kwa PDF. PDF haihami popote, hata uifungue kwa machine ya nani. Alama yake nimeichora pale pembeni, ni karatasi ndogo.

Kama michoro haifanani sana na unachokiona, unisamehe.

Venant

*

Bagira, tarehe 15 mwezi wa saba 2025

Yaya,

Barua yako ilinikuta nimeshaenda.

Yule kijana alizima antivirus kwanza, alisema njo inavyofanyika. Word ikafunguka, hakuna bande. Niliandika siku mbili kama malkia. Siku ya tatu kila fichier, kila kazi niliyohifadhi, imebadilika jina. Ukifungua, ndani ni alama tu, hakuna neno. Chapitre zote tatu. Picha za mashamba. Majibu ya wamama, yale niliyoandika moja kwa moja kwa machine, nyumba kwa nyumba. Nilirudi cyber. Akaangalia, akasema «pole dada», akaendelea na mutu mwingine.

Sikulia. Maman ndiye alilia, na ata hajui fichier ni nini.

Clé ingali kwako. Ile ya mwezi wa sita, yenye chapitre mbili. Kama hujaifuta, njo kitu pekee kinabaki, juu clé ya kuazima ilishafutwa, na directeur alishatupa zile karatasi. Nakuomba, ifungue kwanza kwa machine ya shule, uniambie kama maandishi yanaonekana, halafu umupe Maman Monique. Siwezi kungoja clé wiki muzima halafu nikute iko tupu.

Nisamehe kwa maneno ya mwezi huu.

Eulalie

*

Minova, tarehe 18 mwezi wa saba 2025

Clé hii hapa. Usiiingize kwenye machine kabla ya kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, usipofanya hivyo nayo italiwa na virus. Tafuta mutu wa kukusaidia, si yule wa cyber.

Sijaifungua. Sijui iko na nini ndani.

Venant

*

Bagira, tarehe 24 mwezi wa saba 2025

Yaya,

Chapitre zote mbili ziko. Secrétaire wa paroisse alifuta machine, tukaweka Windows upya, nikaingiza clé, zikafunguka. Nilizisoma kwa sauti ili maman asikie.

Sasa nisikilize. Nilienda mwenyewe Nyawera kuchukua clé. Maman Monique alikuwa anamwaga maharagi yake kwa turubai. Nikamuuliza kwa nini yaya hakuifungua, na machine ziko pale shuleni. Akaacha kumwaga.

«Machine gani, mutoto?»

«Za shule.»

«Ile shule? Ile wakimbizi njo wanalala ndani tangu mwezi wa kwanza. Machine walibeba zote siku vita ilipita, ata milango ya bureau walitoa. Venant njo ananibebea mifuko kwa port. Hakukuambia?»

Nikasema, «Aliniambia.» Sijui kwa nini nilimudanganya. Labda nilikuonea haya, labda nilijionea haya mimi.

«Yeye ni mutu muzuri,» akasema. «Mufuko wake haupasukake. Lakini anasemaka peke yake njiani. Anasemaka Format, Insertion, Tableau. Wenzake wanamucheka, wanasema mwalimu iko anaomba rosari ya wazungu.»

Nilikaa pale kwa turubai yake mpaka akanipa mayi.

Kwa hiyo ulinichorea ile menu kutoka kichwani. Na hii machine haikuwa ya ziada, ilikuwa yako, na shule haikukupa ingine. Mimi naandika kwamba umeshindwa kukaa dakika kidogo mbele ya machine.

Maman sijamuambia. Kwa nini hukusema, yaya?

Eulalie

*

Minova, tarehe 31 mwezi wa saba 2025

Eulalie, mudogo wangu,

Nilijua Maman Monique atasema siku moja. Hana kosa. Hapa kila mutu anajua, ni ninyi tu niliowaficha.

Walizibeba machine asubuhi, mbele ya watu, kama wanaohama nyumba. Yangu ilipona kwa sababu ilikuwa nyumbani, chini ya nguo. Nikajiambia, ikibaki hapa nayo itakwenda. Kwako ilikuwa na kazi. Hiyo sikuifanya kwa wema sana, niliifanya ili nisiione ikienda.

Kazi ya mifuko nimeizoea. Mabega yanauma, kisha yanaacha. Kinachochosha ni kingine. Tangu mwezi wa kwanza watu wananiuliza jambo moja: unaweza kubeba huu? Siku ile barua yako ilipofika, uliniuliza kitu ninachokijua. Siku nzima nilikuwa mwalimu. Nilibeba huku natafuta kichwani: Format iko wapi, Page inakuja baada ya nini. Ningekuambia kwamba salle haiko tena, ungeacha kuniuliza. Ungenihurumia, ungemutafuta mutu mwingine. Nilitaka uniulize mara nyingine.

Menu zimebadilika, na mimi sikuwepo. Hilo sikulijua mpaka uliponikaripia.

Kuhusu chapitre zako, nilisema ni nzuri bila kuziona. Nilikuwa na clé mufukoni, naishika, naisikia, na hakuna pa kuiingiza. Ningesema nini? Lakini wewe ulitaka msomaji, nikakupa salamu. Hilo linaniuma kuliko mabega.

Usimwambie maman bado. Au mwambie, najua hata nikikukataza atajua.

Sasa chagua logiciel yako mwenyewe. Usiifuate yangu kwa sababu ya mifuko.

Venant

*

Bagira, tarehe 27 mwezi wa munane 2025

Yaya,

Nimesoutenir jana, nimeitetea mémoire mbele ya jury. Nilipata distinction. Nilirudi nikalala na viatu, njo maana nakuandikia leo.

Nimechagua ile ya bure, na si juu ya mifuko. Baada ya kufuta machine nilikaa na LibreOffice peke yangu, bila haraka. Ile menu inaitwa sasa «Style de page». Iko pale pale chini ya Format, ilibadilisha jina tu. Nilipanga titre zote kwa style, tableaux zikakaa, nikatoa PDF, nikaimprimer Nyawera, hakuna kilichohama. Chapitre ya tatu niliiandika upya. Nilirudi kwa wamama wale wale, nyumba kwa nyumba, kuwauliza tena. Mumoja aliniambia, «Mara ya kwanza nilikudanganya kidogo, nilisema mavuno ni mengi. Sasa nitasema kweli.» Kwa hiyo yenye ilipotea haikuwa bora kuliko yenye niko nayo.

Siku nilipoiweka, katikati ya mwezi, directeur aliishika kwa mikono miwili. Akauliza tu nimetumia logiciel gani. Nikamuambia. Akasema, «Ah bon.» Wiki iliyofuata alinitumia Ornella, na nyuma ya Ornella wakaja wengine wa session ya pili, wale bande nyekundu imewakuta, na wale wa simu. Wanakuja hapa nyumbani, wanakaa kwa kitanda cha maman. Najibu yenye najua. Ingine sijui. Ornella anataka kurasa za mwanzo ziwe na numero za kirumi na zile zingine za kawaida, kwa fichier moja. Nimejaribu, nimeshindwa, nimemuambia arudi.

Nilienda kumuona Abbé Benoît, padri wetu. Salle ya nyuma ya paroisse iko tupu, kuko machine za zamani nne na panneau solaire. Amesema kama kuko mutu wa kufundisha wanafunzi, aje, salle ni yake. Mushahara hakuna wa kusema, wanafunzi watatoa chenye wako nacho, na Abbé amesema chakula cha mwalimu hakiwezi kukosa. Nimemuambia mutu yuko, lakini iko mbali, na simusemei.

Maman anajua. Nilimuambia nikiosha sahani. Akaenda kutoa mifuko ya makaa kwenye chumba chako, na mugongo wake ule. Nilimukataza, akasema nimuache.

Sikuiti kwa huruma, yaya. Huruma ningekuletea huko. Nakuita juu nimeulizwa kitu sijui.

Mudogo wako,
Eulalie

*

Minova, tarehe 4 mwezi wa tisa 2025

Eulalie,

Numero za kirumi: anaweka saut de page, mukato wa ukurasa, kwa mukono, na pale pale anabadilisha style ya ukurasa unaofuata, kisha anaanzisha hesabu upya kwa moja. Nadhani. Nikiiona nitajua.

Nilikaa siku kadhaa na barua yako kabla ya kujibu. Kuna wakimbizi hapa shuleni wamenizoea, na Jacques anabaki peke yake. Nilimuonyesha ulichoandika. Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, «Sasa unangoja nini?» Nikaenda kubeba mizigo ya siku ile. Jioni nilipomwambia Maman Monique, alisema tayari amenishikia nafasi kwenye boti ya siku ya ine inayokuja. Hakuniuliza.

Mwambie maman asipike kitu kikubwa. Siku hizi nakula kidogo, na usingizi unanichukua mapema, hata nikiwa nimekaa na watu. Asishangae akiniona. Nimekonda, alisema kweli.

Wanafunzi wako uwaambie wangoje kidogo. Nikifika, kwanza nataka kulala. Kisha waje.

Venant